Kizuri Chajiuza, Kibaya Chajitembeza

Kuna ugonjwa unaowatafuna watafiti chipukizi wa Nyanda za Juu Kusini, na ni heri tuutaje kwa jina lake: kununua uchapishaji.

Mtafiti wa Mbeya au Iringa huenda Rungwe au Kalenga, akaketi na wazee, akarekodi nyimbo za Kinyakyusa au za Kihehe, akazichambua kwa miezi. Kisha hupokea barua pepe kutoka jarida asilolijua, lenye neno “kimataifa” jinani mwake, likimsifu kwa kazi adhimu na kumwahidi kumchapisha ndani ya siku tano, mradi alipe ada. Hulipa. Makala hutoka na makosa yake yote. Kuanzia hapo hayawezi tena kupelekwa kwingine kama kazi mpya, na tovuti ile ikizimwa, sauti ya mzee aliyeimba imezimwa nayo.

Wako wanaolaumu ufikiaji huria wenyewe. Nawapinga. Azimio la Budapest la 2002 lilitaka matokeo ya utafiti yasomwe na yeyote bila malipo, na anayehitaji jambo hilo kuliko wote ni mwanafunzi wetu wa Mkwawa au Teofilo Kisanji asiye na fedha za kununulia makala. Uovu haumo katika kusomwa bure. Umo katika kuchapishwa bila kusomwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu tiba ya saratani, yenye kasoro ambazo mhakiki makini angeziona mara moja, akayatuma kwa majarida huria 304. Majarida 157 yaliyakubali. Ikiwa Kiingereza kilipenya hivyo, itakuwaje makala ya Kiswahili kuhusu mizani na vina yakifika kwa mhariri asiyejua silabi zetu?

Basi swali la kwanza lisiwe “nitachapishwa lini?” bali “nani atanisoma?” Fungua orodha ya wahariri: yumo anayeweza kutofautisha tathlitha na tarbia? Waandikie wawili uwaulize kama kweli wanalitumikia jarida hilo, maana majina ya watu huwekwa bila ridhaa yao. Soma matoleo ya nyuma. Hakikisha ada, kama ipo, imetajwa wazi kabla hujawasilisha kazi. Usilewe namba ya ISSN; hiyo hutambulisha jarida, haithibitishi ubora wake. Orodha ya DOAJ, iliyoanza 2003, ni msaada mkubwa, lakini hata yenyewe ilipenywa na majarida dhaifu, hadi 2014 ikayataka yote yaombe upya kwa masharti makali zaidi. Orodha haichukui nafasi ya macho yako.

Wala hatukukosa pa kwenda. Kioo cha Lugha cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapatikana katika AJOL. Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure mtandaoni. Lipo pia jarida la Kiswahili la TATAKI, ambalo mizizi yake inafika kwenye Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930.

Nitajibiwa kwamba majarida yetu huchelewa, ilhali kupandishwa cheo hakungoji. Kuchelewa kunaumiza, na wahariri wetu wana deni la kujibu barua kwa wakati. Lakini lawama kubwa naielekeza kwa kamati zinazohesabu makala kama magunia ya mahindi ghalani, bila kuchomeka bambo kuona kama ndani mna dumuzi. Mnunuzi wa mahindi pale Makambako hafanyi uzembe huo. Iweje wasomi waufanye? Kamati isome makala mawili ya mwombaji kwa kina, badala ya kujumlisha kumi, na soko la majarida gushi litakosa wateja.

Nawe mtafiti, ukipata mwaliko wenye sifa nyingi, usilipe hata senti kabla hujakaa na mwenzako mmoja ajuaye Kiswahili, mkasoma pamoja makala matatu ya jarida hilo. Mkikuta lugha imevurugwa na hakuna aliyeisahihisha, mmekwisha pata jibu.