Kabla ya kuagiza kisu Japani, pitia Gikomba kwanza

Kijana mwenzangu unayependa visu, leo nina neno nawe. Najua mmekuwa wengi. Kuna mnaosomea upishi, kuna wa kupiga kambi kila wikendi, na kuna wale wanaokesha wakitazama video za wapishi wa Japani wakikata samaki. Hakuna ubaya. Lakini ukiulizwa kisu bora ni kipi, unataja Seki ya Japani, unataja Solingen ya Ujerumani, halafu unataja bei. Hutaji hata kimoja kilichofuliwa Gikomba.

Hapo ndipo tunakosana. Kisu kinachopuuzwa kuliko vyote humu nchini ni kile cha mhunzi wa jua kali, kilichofuliwa kutoka kwa springi ya gari. Kukata kinakata. Kilichokosa ni jina.

Tuanze na chuma chenyewe. Zile springi bapa zinazopangwa juu ya ekseli ya lori huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.6, na mara nyingi kromiamu kidogo. Chuma hicho kilikusudiwa kupinda na kunyooka maelfu ya mara kikiwa kimebeba mzigo kwenye barabara zetu za mashimo. Unadhani kitashindwa na kitunguu? Wahunzi wa Marekani wanakijua fika. Aina moja wanaiita 5160, na wanafulia visu vya kambi ambavyo wapenzi wa visu hununua kwa pesa ndefu. Wewe springi hiyo unaipita ukienda kutafuta mtumba.

Kazi yenyewe si mchezo. Mhunzi anakata kipande, anakipasha kwa makaa, anakifua kwa nyundo hadi kipate umbo. Kisha anakipasha tena mpaka kiwe chekundu na kukitumbukiza ndani ya mafuta. Hapo kinakuwa kigumu sana, lakini kigumu cha glasi: kikianguka kinaweza kuvunjika. Fundi anayejua kazi hukirudisha kwenye joto la kadiri, karibu nyuzi 200 za selsiasi, ili ugumu upungue kidogo na kisu kipate uvumilivu.

Sasa linganisha. Visu vingi vya Kijapani ni vigumu zaidi, na makali yao hukaa muda mrefu. Hilo silipingi. Lakini kigonge kwenye mfupa wa mbuzi uone makali yanavyomeguka. Jikoni kwetu kuna kuku wa kienyeji na mbavu. Kisu cha springi kikigonga mfupa, makali hupinda kidogo tu au hayashtuki kabisa, unanoa kidogo na kazi inaendelea.

Kuna kingine unakiona kila jioni na hukiangalii: kisu cha mama mboga. Kimenolewa hadi bapa limebaki jembamba kama kidole, mpini umefungwa kwa mpira, lakini tazama sukuma wiki inavyoanguka kama nyuzi. Siri ni wembamba ule. Bapa nene hupasua karoti, bapa jembamba huikata. Wapenzi wa visu hulumbana usiku kucha kuhusu jambo hilo, naye mama mboga alishalimaliza zamani bila kelele.

Utaniambia, "Lakini si vitu vya jua kali huharibika haraka?" Vingine ndiyo, tusidanganyane. Kuna visu vinavyotengenezwa kwa nondo au vipande vya chuma laini, na wiki moja haiishi kabla havijawa butu. Kuna fundi mwenye haraka anayeruka ile hatua ya mwisho ya joto. Kwa hivyo jifunze kuchagua. Uliza kilifuliwa kwa chuma gani. Omba tupa na uisugue polepole kwenye makali: ikila chuma kama sabuni, achana nacho, ikiteleza, hicho ni kigumu. Kiinue usawa wa jicho uone kama kimenyooka. Tikisa mpini uone kama ribiti zimeshika.

Lakini jiulize pia kwa nini fundi hodari na fundi mzembe wanauza kwa bei moja. Ni kwa sababu sisi wanunuzi hatuulizi ni nani alikifua. Jina jua kali lilitokana na mafundi waliofanya kazi juani bila paa, na sisi tumeligeuza kuwa tusi la kitu duni. Yule anayetumia saa moja zaidi kwenye moto hapati hata shilingi moja zaidi. Ataendelea kujisumbua kwa ajili ya nani?

Wenzetu walianzia hapohapo. Mwaka 1890, kijana Mfaransa Joseph Opinel alianza kufua visu vya kukunja huko Savoie, visu vya wakulima, vyenye mpini wa mbao tu. Mwaka 1909 alisajili alama yake, mkono wenye taji. Leo kisu hicho hicho cha mkulima kinatafutwa dunia nzima. Ujerumani nayo ilipitisha sheria mwaka 1938 ya kulinda jina la Solingen, ili asitokee mtu wa nje kulipiga chapa kwenye kisu chake. Chuma pekee hakikuwafikisha hapo. Kazi iliwekewa jina, na jina likalindwa.

Basi safari hii fanya hivi. Ukipata fundi ambaye kisu chake kimepita mtihani wa tupa, mwombe akipige chapa, hata herufi mbili za jina lake. Mlipe zaidi kidogo kwa hilo. Halafu zile picha zako za visu mtandaoni, weka na hicho, utaje na fundi akikuruhusu. Chanda chema huvikwa pete.

Ukishakinunua, kitunze. Chuma hiki hushika kutu, kwa hivyo kioshe, kikaushe mara moja, ukipake mafuta ya kupikia. Ukinoa, tumia jiwe la kunolea, usisugue kwenye ngazi ya simiti. Huna jiwe? Geuza kikombe cha udongo, ule ukingo wa chini usiong'aa unatosha. Na tuelewane: hiki ni cha jikoni na shambani, si cha kutembea nacho mtaani.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Aliyekifua kisu hicho naye anastahili kipande.