Trela jipya lisianze na Dar es Salaam
Na Mwamba Kalenga

Mtu akinunua trela hapa Lubumbashi, kesho yake simu za mzigo zinaanza kulia. Shaba inataka kwenda bandarini, mahindi yanangoja Zambia, na aliyemkopesha fedha anahesabu siku. Ndiyo sababu matrela mengi ya mjini kwetu yanafunga safari ya kwanza yakiwa na mzigo kamili kwenda Dar es Salaam, karibu kilometa 2,000, katika nchi mbili za wenzetu. Tabia hii ni mbaya, na inaua. Wanaoweza kuikomesha ni wenye mali, maana dereva aliyeajiriwa juzi hana ubavu wa kukataa.

Tukubaliane kwanza kwamba trela jipya mara nyingi ni jipya kwa mwenyewe tu. Limefanya kazi miaka kwa watu wengine, likauzwa, likakaa uani kwa muda likipigwa jua na mvua. Mabomba ya hewa yamekauka, breki zimeshika kutu, tairi zinang'aa kwa rangi nyeusi iliyopakwa juu ya nyufa. Hata lile linalotoka kiwandani lina mambo yake. Gurudumu likifungwa upya, nati hulegea kidogo baada ya kutembea, na ni lazima zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa ni takriban kilometa 90. Kwa hiyo nati zinadai spana palepale dereva anapoingia kwenye foleni ya mpaka, wakala wa forodha anamwita, karatasi zinapotea na kuonekana, usiku unaingia. Nani atakumbuka spana?

Mama mmoja wa Kampemba, mfanyabiashara wa unga, alinunua trela la ekseli tatu mwaka huu. Mzigo wa shaba ulikuwa umeshapatikana. Dereva wake, mtu mzima aliyezoea barabara, akamwambia: “Mama, twende kwanza Likasi. Remoki hii sijaijua bado.”

“Na mzigo wa watu, Papa?”

“Ungoje siku mbili, Mama.”

Mama akakubali. Niliwaona asubuhi ya safari wakiliunganisha trela na lori. Kichwa cha lori kilirudi nyuma polepole hadi kikagonga pini ya trela. Msaidizi alitaka kupandisha miguu ya trela mara moja, mzee akamzuia. Akaingia chini na tochi, akalala chali kwenye vumbi, akamulika mpaka akaona kwa macho kwamba taya za chuma zimeifunga pini pande zote. Mlio wa kufunga haukumtosha, kwa sababu taya zinaweza kulia na zisikamate. Kisha akaacha breki za trela zimefunga, akatia gia ya kwanza na kuvuta kidogo. Trela likagoma kusogea. Hapo ndipo miguu ilipopandishwa, bomba jekundu na la njano yakaungwa, taa zikajaribiwa moja moja huku msaidizi akipiga kelele kutoka nyuma. Kazi hiyo haikumaliza hata saa moja.

Wakaenda Likasi, kilometa 120 hivi, na mzigo wa nusu. Kila waliposimama mzee alizunguka trela akisogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki inabana au beringi inakufa. Kimoja kikiwa baridi wakati vingine vina joto, breki ya gurudumu hilo haifanyi kazi kabisa. Alikuta viwili baridi, upande mmoja. Naomba msomaji alitafakari jambo hili: trela lile, lililokuwa limeshapewa shaba, lingeshuka Mlima Nyoka kule Mbeya na milima ya Kitonga kule Iringa breki zikikamata zaidi upande mmoja. Madereva wa barabara ya TANZAM wanaijua miteremko ile, na wanajua walipozikwa wenzao. Trela lisilojizuia lenyewe linamwachia kichwa kazi yote, breki za mbele zinaungua, na mzigo wa nyuma unasukuma.

Shaba nayo ina hila yake. Vibao vyake hufungwa kwa mikanda ya chuma, kila furushi likipita tani mbili. Ukilitazama trela lililojaa shaba utadhani ni tupu, kwa kuwa mafurushi hayafiki hata kiunoni. Mpakiaji mzembe akiyarundika sehemu moja, uzito wote unakaa kwenye ekseli chache. Zambia na Tanzania zinaruhusu tani 56 kwa gari zima, na tani 24 kwa kundi la ekseli tatu. Unaweza kuwa chini ya 56 na bado mizani ya Kafulafuta kule Zambia ikakushika kwa ekseli. Ni heri kujifunza jinsi trela lako linavyogawa uzito ukiwa karibu na nyumbani.

Halafu kuna suala la upande wa barabara, ambalo wenye mali wengi hawalifikirii. Sisi tunaendesha kulia. Ukivuka Kasumbalesa unahamia kushoto, hadi Dar. Trela kwenye kona halifuati nyayo za kichwa, linakata ndani. Kwetu kona ya kubana ni ya kulia. Ukifika Chingola ni ya kushoto. Dereva ambaye hajajua trela lake linakata kiasi gani atapandisha magurudumu ya nyuma pale wanapokaa akina mama na meza zao za nyanya.

Karatasi sitazisemea sana. Trela lina namba yake na hati zake, mbali na za kichwa, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inakubalika Zambia na Tanzania pia. Ila fedha za njiani nazitaja. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini foleni hazikuisha, na Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache madereva wakiwa barabarani. Mtu aliyetumwa na fedha za safari isiyo na kikwazo atauza mafuta ya lori ili ale, na hapo mwenye mali atamwita mwizi.

Najua hesabu ya mkopo inauma. Lakini mafuta ya Likasi ni gharama ndogo mbele ya trela lililolala kwenye bonde la Kitonga, na maisha ya dereva hayaingii katika hesabu hiyo hata kidogo. Mama yule alitengeneza breki, na mzigo ukaondoka baada ya siku nne badala ya mbili. Mwenye shaba alilalamika, kisha akangoja.

Wewe uliyenunua trela mwezi huu, mpe dereva wako siku hizo. Mpe mafuta ya kwenda Likasi na kurudi, spana ya nati, tochi yenye betri mpya. Na mwambie mbele ya msaidizi wake, ili apate shahidi, kwamba akisema trela halijawa tayari, halitaondoka na mshahara wake hutaugusa.