NGOME INAYOKUNYWA MAJI YA MWENYEJI

Watu wanapozungumza habari za vita hupenda kuhesabu ndege, mizinga na askari. Ni wachache wanaohesabu malori ya unga na mapipa ya maji. Hata hivyo, kambi ya ndege iliyojengwa katika nchi ya wengine huishi kwa mambo matatu: njia ya kupitishia shehena, maji ya kunywa, na ulinzi wa ua wake. Likikosekana moja, wingi wa ndege haufai kitu.

Ushahidi wa maneno hayo ni kambi ya Bastion, ambayo Waingereza waliijenga mwaka 2006 katika jangwa la Helmand, kusini mwa Afghanistan. Baadaye Wamarekani nao walijenga kambi yao kubwa ubavuni mwake, wakautumia uwanja ule ule wa ndege.

Na tuanze na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na askari katika joto la jangwa hunywa lita nyingi kila siku. Kuleta maji hayo kwa malori ni kuwapeleka madereva katika njia iliyotegwa mabomu. Kwa hiyo Waingereza walichimba visima, wakaweka kiwanda cha kutia maji katika chupa humo humo kambini. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini maji yenyewe yalikuwa ya ardhi ya Helmand, na ngome yenye silaha za kila namna ilikunywa kisimani mwa mwenyeji.

Mafuta ya ndege hayakuweza kuchimbwa kambini. Afghanistan haina bahari. Shehena nyingi ziliteremshwa katika bandari ya Karachi, nchini Pakistan, zikapanda kwa malori hadi mpaka wa Chaman, kisha Kandahar, kisha Helmand. Tarehe 26 Novemba, 2011, ndege za majeshi ya NATO ziliwaua askari 24 wa Pakistan mpakani. Serikali ya Pakistan ikaifunga njia, nayo ikabaki imefungwa kwa miezi saba. Shehena zilizungushwa kaskazini kupitia Urusi na nchi za Asia ya Kati, na Waziri wa Ulinzi wa Marekani akakiri kwamba gharama iliongezeka kwa kiasi cha dola milioni 100 kila mwezi. Njia ilifunguliwa Julai 2012, baada ya Marekani kutamka neno la masikitiko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na taifa kubwa nalo halikuepuka hukumu hiyo.

Miezi miwili haijatimia vizuri tangu Julai kwisha, likaja la ulinzi. Usiku wa tarehe 14 Septemba, 2012, wapiganaji 15 wa Taliban, wamevaa sare za Kimarekani, waliukata ua wa Bastion wakaingia. Minara mingi ya ulinzi haikuwa na walinzi usiku ule, kwa kuwa jangwa lenyewe lilidhaniwa kuwa ukuta. Askari wawili wa Marekani waliuawa, na ndege sita za Harrier ziliteketea. Mwaka uliofuata majenerali wawili wa Marekani walilazimishwa kustaafu. Waingereza waliondoka Bastion Oktoba 2014, na Agosti 2021 Helmand yote ikawa mikononi mwa Taliban.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya mbali. Alfajiri ya tarehe 5 Januari, 2020, al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, katika Lamu, uliokuwa ukitumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani. Wamarekani watatu waliuawa, mmoja wao askari na wawili wafanyakazi wa kukodiwa, na ndege zikaharibiwa.

Wafanyakazi wanapaswa kuyatazama mambo haya kwa jicho lao wenyewe. Katika njia ya Karachi waliokuwa wakishika usukani wa malori ya mafuta, ambayo yalichomwa moto mara kwa mara, hawakuwa majenerali. Walikuwa madereva wa Kipakistani na Kiafghani waliotafuta mkate wa watoto wao. Mgeni alipofunga mizigo, alipanda ndege. Wao walibaki, pamoja na maadui waliopatikana kwa ajili ya mgeni.

Kwa hiyo serikali yo yote inayoombwa ardhi kwa ajili ya kambi ya namna hii haina budi kuulizwa waziwazi na wananchi wake: visima ni vya nani, barabara italindwa na nani, na dereva akifa, mjane wake atalipwa na nani? Mkataba usiojibu maswali hayo matatu haustahili kutiwa sahihi.