Kabati Linalonuka Uvundo Masika

Masika yanapolilowesha bonde la Kilombero, kuanzia Machi hadi Mei, nyumba nyingi za hapa Mngeta hupata taabu moja: kanzu na mabuibui yaliyokunjwa yakiwa safi hutolewa kabatini yakiwa na madoa ya kijivu na harufu ya uvundo. Wengi hufukiza udi au hutia dawa ya nondo. Lakini udi hufunika harufu tu, na dawa ya nondo hufukuza wadudu. Kuvu huishi kwa unyevu, na viwili hivyo haviukaushi.

Unyevu huo una njia tatu: nguo zinazokunjwa kabla ya kukauka barabara, ukuta wa matofali unaofyonza maji ya ardhini, na kabati lililoshindiliwa hata hewa isipite.

Basi, lisogezeni kabati shibiri moja kutoka ukutani, liinueni juu ya matofali, na mpunguze nguo. Jua likitoka adhuhuri, fungueni milango yake na madirisha, jioni yafungeni. Mkaa mkavu ndani ya bakuli husaidia kidogo, nao sharti uanikwe juani mara kwa mara. Palipokwisha kuota kuvu, zibeni pua kwa kitambaa, futeni kwa siki, kisha mkaushe.

Jambo hili si la nguo pekee. Vumbi la kuvu huamsha pumu, na mtoto alalaye chumbani humo hulivuta usiku kucha. Mzazi ambaye mwanawe hukohoa kila masika na ampeleke zahanati, na akirudi alitazame kabati.

Wabillahi tawfiq.