Chuo Kikuu na Mwenye Mfuko

Mara nyingi tumewasikia watu waliosoma wakisema kwamba Kiswahili ni lugha nzuri kwa mashairi, kwa hotuba na kwa mazungumzo ya barazani, lakini hakina mahali pake katika chuo kikuu. Maneno haya husemwa kwa upole, kama mtu anavyomsema jamaa yake mwema asiyeweza kazi. Sisi tuliokomea sekondari, tukatumia miaka yetu katika ofisi za serikali tukiandika barua kwa lugha hiyo hiyo, tulizoea kunyamaza, kwa kuwa mwenye kuyasema amevaa joho nasi hatuna. Leo, tukiwa hapa Idodi, kwenye barabara itokayo Iringa kwenda mbuga ya Ruaha, hatunyamazi. Kiswahili kiliingia chuo kikuu katika karne ya 19. Kilikaa darasani, kikapewa walimu, kikalipiwa fedha za serikali. Swali la haki, basi, si kama lugha yetu inaweza. Swali ni nani aliyelipa, naye alilipa ili apate nini.

Mnamo mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Taasisi ya Lugha za Mashariki, ndani ya chuo kikuu cha mji huo. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Profesa Eduard Sachau, bingwa wa Kiarabu. Lugha zilizofundishwa tangu mwanzo zilikuwa Kichina, Kijapani, Kihindustani, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kiswahili. Msomaji na asimame kidogo hapo. Mwaka 1887 ni miaka mitatu tu tangu Carl Peters apite Usagara na karatasi zake za hila, na Wajerumani walikuwa bado hawajakanyaga sehemu kubwa ya nchi waliyoiita yao. Lakini Kiswahili kilikuwa tayari kimewekwa safu moja na lugha za Uchina na Uajemi, na gharama za taasisi zikagawanywa kati ya Dola ya Ujerumani na Ufalme wa Prussia. Serikali ya Bismarck haikungoja mpaka Kiswahili kipate msamiati wa kutosha. Ilikitaka, ikakilipia.

Ilikitaka kwa sababu gani? Wanafunzi wa taasisi ile walikuwa wanasheria waliojiandaa kwa kazi za ng'ambo, maofisa wa jeshi, wafanyabiashara na wamisionari. Hawakusoma Kiswahili ili wafikiri kwa Kiswahili. Walikisoma ili waamuru kwa Kiswahili, wahukumu kwa Kiswahili, na baadaye wadai kodi ya kibanda kwa Kiswahili, kodi ambayo ilianza kutozwa mwaka 1898. Hapa ndipo wapinzani wetu watakapodhani wametushika. Watasema: mwaona, Wajerumani walifundisha Kiswahili, hawakufundisha kwa Kiswahili. Ni kweli, na ndiyo hoja yetu yenyewe. Aliyetoa fedha alikuwa na haja yake, na chuo kikaitimiza haja hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Wala si taasisi hiyo peke yake. Vyuo vikuu vya Ujerumani katika karne ile vilisifiwa dunia nzima kwa uhuru wa fikira, lakini mfuko wake ulikuwa mkononi mwa waziri. Profesa alipata mshahara wa serikali, na juu yake alipokea ada kutoka kwa wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Mwalimu kijana ambaye bado hajapewa kiti hakuwa na mshahara hata kidogo. Aliishi kwa ada hizo, na kama wanafunzi ni wachache alilala njaa au alimtegemea baba yake. Katika Prussia mtu mmoja, Friedrich Althoff, alisimamia mambo ya vyuo vikuu wizarani tangu 1882 hadi 1907, na maprofesa walimwogopa kuliko walivyomwogopa waziri mwenyewe.

Yupo aliyeiona hatari hiyo mapema. Wilhelm von Humboldt, aliyeongoza elimu ya Prussia mwaka 1809 na 1810, alitaka chuo kipya cha Berlin kipewe mashamba ya mfalme, kiishi kwa mapato ya ardhi yake, kisipige magoti kila mwaka mbele ya hazina. Chuo kilifunguliwa mwaka 1810, lakini Humboldt alikwisha kuondoka wizarani na shauri la mashamba likaachwa. Shauri hilo halikuwa geni kwa watu wa pwani yetu. Misikiti na vyuo vya Kurani vya Zanzibar na Lamu viliwekewa wakfu, yaani mashamba na nyumba ambazo mapato yake yaliwatunza walimu na wanafunzi, na hakuna sultani aliyetakiwa kuombwa mafuta ya taa kila jioni. Waingereza waliujua uzito wa mali hiyo. Mwaka 1905 waliunda Tume ya Wakfu Zanzibar, usimamizi ukaingia mikononi mwa utawala wao.

Turudi Berlin, maana huko walikuwako ndugu zetu. Taasisi ilikuwa na walimu wa Kizungu waliofundisha sarufi, na chini yao walikuwako wasaidizi wenye lugha, walioitwa ili wanafunzi wasikie matamshi na wazoee mazungumzo. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha tangu 1891 hadi 1895. Aliandika kwa Kiswahili habari za mji wa Berlin kama alivyouona yeye, na maandishi yake yakachapishwa na Büttner, mwalimu wa Kiswahili wa taasisi ile. Mwaka huo huo wa 1891, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Zelewski pale Lugalo. Basi serikali ileile ilikuwa inalipa risasi kwa ajili ya Uhehe na chaki kwa ajili ya Kiswahili. Hatusemi Amur alikuwa msaliti. Alikuwa mtu wa elimu aliyekwenda kufanya kazi ya elimu. Tunasema tu kwamba kazi yake haikuwa yeye aliyeipangia mwisho wake.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na habari zake zingepaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa sekondari katika nchi hii. Alifika Berlin mwaka 1900. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho mpaka leo hakuna anayeandika juu ya harusi, jando, ngoma, kilimo au sheria za mwambao wa zamani bila kukifungua. Sehemu yake kubwa ni kazi ya kalamu ya Mtoro. Jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, mwalimu wake mkuu. Ilipita miaka 78 kabla jina la Mtoro halijatokea katika anwani ya kitabu hicho, nayo ni tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa Marekani mwaka 1981.

Velten hakuficha kabisa kwamba alisaidiwa. Lakini sisi tuliofanya kazi ya ofisi tunaijua tofauti kati ya aliyetia sahihi na aliyeandika barua. Mtoro hakukubali kudharauliwa na vijana aliowafundisha, na kazi ile ikamshinda. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye nyumbani, utawala wa kikoloni ukawazuia wasishuke katika pwani yake mwenyewe, wakarudishwa Ujerumani. Mtu aliyewafundisha watawala lugha ya nchi alikatazwa kuingia katika nchi. Baadaye alifanya kazi katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, akafia Ujerumani mwaka 1927.

Hapa kwetu neno la kupeleka vitu Ujerumani lina uchungu wa aina yake. Anayekuja Idodi kutoka Iringa hupita Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa mpaka Wajerumani walipoivunja mwaka 1894. Akiendelea hufikia njia ya Mlambalasi, ambako Mkwawa alikufa mwaka 1898 na ambako mwili wake umelala. Kichwa chake kilikatwa. Kurudishwa kwa fuvu lake kulidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na fuvu likarudi mwaka 1954 kutoka katika makumbusho ya Bremen, walikokuwa wameweka mafuvu mengi katika makabati kwa ajili ya sayansi. Sasa limo Kalenga, ndani ya kioo. Elimu ya karne ile, basi, ilichukua vichwa kwa njia mbili: vingine kwa kisu, vingine kwa mkataba wa kazi.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumza mambo yaliyokwisha. Miaka kadhaa iliyopita alikuja hapa mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja, naye ni mwananchi mwenzetu. Alikaa wiki kadhaa na mzee mmoja anayejua miti ya dawa, majina ya mifereji ya zamani ya mpunga, na ugawaji wa zamu za maji. Mzee alisema kwa Kihehe, nasi tukageuza kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni. Siku ya kuagana mzee alipewa kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Baadaye tuliiona kazi ile imejalidiwa vizuri, kwa Kiingereza. Shukrani zilitolewa kwa maprofesa, kwa shirika la ng'ambo lililotoa fedha, kwa mke wa mtafiti, na mwishoni kwa "wakazi wa kijiji". Mzee alituuliza kama jina lake limo. Tulimjibu kwamba bado hatujafika kurasa zote.

Tusema nini hapo? Kwamba mtafiti yule ni mbaya? La hasha. Aliandika kwa Kiingereza kwa sababu aliyemlipa husoma Kiingereza. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wetu, katika shauri la utafiti wa mambo yetu wenyewe, umekuwa mtupu kwa hiari. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, katika jengo la TANU, nacho kilianza kwa shahada za London, kama ilivyokuwa Makerere tangu 1949. Mwaka 1964 tulipata Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1970 Idara ya Kiswahili, mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Na huko tasnifu nzima huandikwa kwa Kiswahili wala jengo halijaanguka. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate kuanzia mwaka wa masomo 1991/92. Pendekezo lilikataliwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka tena kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Walimu mnaotusoma mnajua mliingia darasani jana na lugha gani.

Kuna rafiki zetu wanaosema kwamba dunia imebadilika, na mtoto wa mkulima atafungiwa mlango akikosa Kiingereza. Afundishwe Kiingereza, na afundishwe vizuri kuliko sasa. Lakini wafikiri jambo moja. Mwaka 1687 Christian Thomasius alitangaza katika chuo kikuu cha Leipzig kwamba atafundisha kwa Kijerumani, nao wenzake wakaona ni aibu, maana lugha ya chuo ilikuwa Kilatini. Hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 tasnifu nyingi za Kijerumani zilikuwa bado za Kilatini. Miaka 200 kamili baada ya Thomasius, wajukuu wa lugha ile iliyoonewa haya walifungua darasa la Kiswahili. Hawakuacha kujifunza lugha za wengine. Waliacha kuikimbia yao.

Mkulima wa nchi hii, kwa upande wake, hajawahi kukataa kulipa. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, kisha akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, kwa kuwa walikuwa wamemwambia kuwa viongozi hulipwa mno. Wengine humlaumu hata leo kwa ukali ule. Sisi tunaona aliuliza swali ambalo hazina ya Prussia haikumwachia mtu mwingine aliulize: elimu hii inayolipiwa ni ya kazi gani?

Katika mkutano wa kijiji tulitoa shauri ambalo wengine walilicheka. Idodi ina mpunga wa mifereji na maji ya Ruaha Mdogo. Tulisema zitengwe ekari chache, mavuno yake yauzwe, na fedha imlipie mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, hata kama ni mmoja kila baada ya miaka mitatu, kwa masharti mawili: aandike kwa Kiswahili juu ya jambo la hapa, na majina ya waliomfundisha yaandikwe penye jina lake. Nakala moja ikae katika shule ya sekondari. Mjumbe mmoja alituuliza kama tumepata kuona chuo kikuu kikiendeshwa kwa magunia ya mpunga. Tulimsimulia habari ya Humboldt na mashamba ya mfalme, kisha habari ya wakfu wa Zanzibar, naye akasema hayo ni ya wafalme. Shauri limeahirishwa mpaka baada ya mavuno. Mzee wa mifereji, ambaye macho yake sasa yanaona kwa shida, amesema yeye atatoa robo ekari bila kungoja mkutano, na ameanza kututajia majina ya mifereji upya, kuanzia ule wa juu.