Sikio la Kufa Lilikuwa la Nani?

Kila maradhi mapya yanapotangazwa, kuna kauli inayofika barazani kabla ya daktari. Julai 2024, ugonjwa wa mpox ulipogunduliwa Taveta, niliisikia tena: "Mkenya hasikii bila rungu." Msemaji alikuwa ametulia, kikombe cha kahawa tungu mkononi, na waliomzunguka wakaitikia. Mmoja akaipamba kwa methali: sikio la kufa halisikii dawa.

Ukiwadai ushahidi, watakupeleka mwaka 2020. Si mliona wakati wa Korona? Tulikatazwa kusongamana, tukasongamana. Tuliambiwa tupimwe, tukajificha. Tuliambiwa tukae nyumbani, tukatoka. Mpaka polisi walipoingia barabarani ndipo Mombasa ikatulia.

Kauli hiyo ni uongo, tena ni uongo unaomfaa mtu fulani. Nitaanzia pale wanapopenda kuanzia wao wenyewe, kivukoni Likoni.

Ilikuwa Ijumaa, 27 Machi 2020. Kafyu ya kwanza ilikuwa ianze saa moja jioni. Zaidi ya saa mbili kabla ya muda huo kufika, umati ulikuwa umebanana upande wa kisiwani ukingoja feri. Polisi wakawarushia vitoza machozi na kuwapiga. Video zikasambaa, na waliozitazama wakiwa wamekaa sebuleni kwao wakasema: si mnaona, hawa hawasikii.

Hebu tufanye hesabu ambayo hawakuifanya. Kivuko cha Likoni hukadiriwa kubeba watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Wengi wao ni watu wanaolala ng'ambo kwa sababu kodi ya nyumba huko ni nafuu, na kula yao iko kisiwani na bandarini. Siku za kawaida watu hao hawavuki kwa pamoja. Mlinzi huvuka wakati wa magharibi kwenda lindoni, mpishi wa hoteli hurudi saa tano za usiku, mchuuzi huwahi feri ya alfajiri. Usiku na mchana ndivyo vilivyougawanya umati ule. Kafyu ikaukata usiku. Juu yake likaja agizo la abiria kuachiana nafasi, kwa hiyo kila feri ikawa inabeba watu wachache kuliko jana. Watu ni wale wale, saa zimepungua, nafasi chomboni zimepungua. Msongamano utakwenda wapi kama si kwenye foleni? Mtoto wa darasa la tatu angelijibu swali hilo kabla kengele haijalia.

Na zingatia jambo moja ambalo wenye methali hulipita haraka. Wale watu walikuwa wanakwenda nyumbani. Kilichowapeleka kivukoni saa kumi na moja kwa wingi ule ni amri yenyewe, iliyowataka wawe wamefika makwao ifikapo saa moja. Walipigwa wakiwa njiani kuitii. Tena walipigwa kwa gesi inayomfanya mtu akohoe, atokwe na makamasi na kujipangusa uso kwa mikono, katika wiki ile ile ambayo redio ilikuwa ikituambia tusikoholeane wala tusijiguse usoni. Maradhi ya mapafu yakapigwa vita kwa kuwakohoza watu wakiwa wamebanana. Katika siku hizo za kwanza za kafyu, hapa hapa Pwani, mwendesha bodaboda aliyetoka kumpeleka mja mzito hospitali alipigwa, akafa kwa majeraha. Yeye naye mtamwita sikio la kufa?

Msongamano wa vivuko vyetu haukuletwa na Korona. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, zikafa nayo roho 272. Kwa zaidi ya robo karne baada ya msiba ule, mtembea kwa miguu wa Likoni aliendelea kungoja feri, kwa kuwa njia nyingine hakuwa nayo. Kisha, katikati ya janga, serikali ikajenga daraja la kuelea kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu kwa Sh1.9 bilioni. Kazi ilichukua miezi, haikuchukua miaka, na tarehe 1 Januari 2021 watu wakaanza kuvuka kwa miguu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza msongamano kivukoni. Kwangu mimi daraja lile ni ungamo. Ukaidi hautibiwi kwa daraja. Aliyeagiza lijengwe alikuwa amekubali, hata kama hakulitamka, kwamba watu walisongamana kwa kukosa njia.

Mfano wao wa pili ni Mji wa Kale, hapa Mombasa. Huku, wanasema, watu walikimbia vipimo kama watoto wanavyoikimbia sindano. Ni kweli kwamba wapimaji walikaa wakingoja watu wasiotokea. Lakini tuulize ni nini kilichokuwa nyuma ya kipimo. Mwezi wa Aprili, aliyeshukiwa kuwa na virusi aliweza kupelekwa karantini siku 14, na ada iliyotajwa kwa vituo vya serikali ilikuwa Sh2,000 kwa siku. Zidisha mwenyewe: Sh28,000. Anayeuza viazi karai Kuze angezitoa wapi, hali kwa siku zote hizo 14 karai lake limefunikwa? Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba atakayekamatwa nje saa za kafyu naye atapelekwa karantini. Kituo cha afya na korokoro vikawa na mlango mmoja. Ukishamfundisha mtu kwamba karantini ni adhabu, usishangae akiikwepa kama anavyokwepa adhabu.

Tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kuufunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Siku hiyo hiyo akasema gharama za karantini katika vituo vya serikali zitabebwa na serikali. Hilo la pili lilistahili kuwa la kwanza, tena mwezi mzima kabla. Tukafungiwa siku 15, zikaongezwa mpaka 6 Juni. Tuna mtaa hapa uitwao Kibokoni, na ninaweza kuwahakikishia kwamba hata huko kiboko hakikumponya mtu.

Sasa nami nina mfano, ambao wenye methali hawautaji kamwe. Mwaka ule misikiti ilifungwa Ramadhani nzima. Anayeijua Mombasa anajua maana ya maneno hayo. Mwezi wa tarawehe, wa watoto kuranda na vikombe vya uji, wa vijana kukaa nje mpaka daku, ulipita milango imefungwa. Tarawehe tuliswali majumbani, baba akiwa imamu wa watu watano. Sikukuu ya Idd ilipofika hapakuwa na mkusanyiko uwanjani. Hakuna askari aliyelala sebuleni mwa kila Mwislamu kuhakikisha. Watu walielezwa na masheikh wanaowaamini, kwa lugha wanayoifahamu, kwamba kulinda nafsi ni ibada, na walichoombwa kukifanya kilikuwa ndani ya uwezo wao. Wakakifanya, kwa machozi, lakini wakakifanya. Mkaidi hatoi Ramadhani yake.

Mfano mwingine uko mfukoni mwako. Tarehe 16 Machi 2020, siku tatu tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, ada za kutuma pesa kwa simu ziliondolewa kwa kiasi kisichozidi Sh1,000, ili watu wapunguze kushikana noti. Hakuna aliyepigwa rungu ili atumie M-Pesa. Muuza mchicha akaweka namba yake juu ya meza, mteja akatuma malipo bila makato. Benki Kuu ilipoongeza muda wa nafuu hiyo mwezi wa Juni ilieleza kwamba matumizi yameongezeka. Mwisho wa mwaka nafuu ikaondolewa, ada nyingi zikarudi, na pale mezani noti nazo zikarudi. Je, tulikuwa wasikivu mpaka Desemba 31, kisha tukaamka Januari mosi tumekuwa wakaidi? Watu walibadilika bei ilipobadilika. Lau mzigo wa kila amri nyingine ungepunguzwa hivyo, tungeona utii wa kushangaza.

Badala yake mizigo iliongezwa. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, jambo la busara kabisa kiafya, lakini pengo la abiria 6 likatua kwenye nauli ya waliobaki. Kibarua wa Kisauni akapanda miguu, akavuka daraja la Nyali akiwa katikati ya umati wa wenzake walioshindwa na nauli. Tuliambiwa tunawe mikono kila mara, katika mji unaotegemea maji yatokayo mbali, Mzima na Baricho, na ambao mifereji yake mingi hukohoa hewa. Anayenunua maji ya mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni huchagua kati ya kunawa na kupika. Asiyevaa barakoa alitishiwa faini ya hadi Sh20,000 au kifungo cha miezi sita. Kila agizo lilifika na adhabu yake mkononi, na mara chache lilifika na ndoo ya maji.

Najua nitajibiwa nini. Je, hapakuwa na wakaidi? Walikuwapo. Kuna waliofunga baa kwa mbele na kuifungua kwa nyuma, na kuna waliofanya harusi usiku wakijua wazi kwamba bibi zao ndio watakaoulipia muziki ule. Sikusudii kumtakasa kila mtu. Wala sisemi masharti hayakuwa na haja. Maradhi yalikuwa ya kweli na yamezika watu wetu. Hata Mahakama Kuu, katika uamuzi wa Jaji Weldon Korir wa 16 Aprili 2020, haikuifuta kafyu. Iliiacha isimame, ikasema kwamba nguvu isiyo na kiasi katika kuitekeleza ilikuwa kinyume cha Katiba. Mahakama iliweza kuitenganisha amri na rungu. Kwa nini barazani tunashindwa?

Tunashindwa kwa sababu kauli hii tumeirithi. Sheria ya Afya ya Umma iliyotumika kutufungia ilianza mwaka 1921, enzi ambayo mtawala hakumtazamia mtawaliwa kuuliza sababu. Jirani zetu wa Tanganyika walikionja kiboko cha Mjerumani kwa hesabu maalumu, hamsa ishirini, na falsafa yake ilikuwa hiyo hiyo: mwenyeji haelewi mpaka auone mgongo wake umechanika. Mkoloni alikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa imani ile ilimpunguzia kazi ya kueleza, kuhudumia na kusikiliza. Ajabu ni kwamba amekwenda zake, nasi tumeichukua imani yake tukaifanya methali ya kujisema wenyewe.

Na bado inampunguzia mtu kazi. Ukishakubali kwamba watu hawasikii, hutamuuliza mpanga ratiba kwa nini kafyu ilianza kabla ya mipango ya feri. Hutauliza kwa nini karantini ilikuwa na bei. Hutamuuliza yeyote kuhusu vifo 15 vilivyohusishwa na polisi katika malalamiko 87 ambayo Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi ilisema imeyapokea kufikia mwanzoni mwa Juni 2020. Lawama yote imekwisha kugawiwa, na fungu kubwa amepewa mama aliyesimama foleni na kikapu chake.

Tena rungu lenyewe lilikuwa na macho ya kuchagua. Wanasiasa waliporudi majukwaani mwaka ule ule wakikusanya maelfu juani, wengi wao barakoa zikiwa kidevuni, mara chache tuliona gesi ikirushwa jukwaani. Mikutano mingi iliachwa ikashamiri mpaka 4 Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliposimamisha mikutano ya kisiasa kwa siku 60. Hao ndio waliokuwa wameyasikia maelezo yote ya wataalamu, tena wakiwa wamekaa viti vya mbele. Ukinilazimisha nimtafute mwenye sikio lisilosikia dawa, sitaanzia Likoni. Nitaanzia kwa waliokuwa wakiitangaza dawa mchana na kuikataa jioni, na kwa ofisi zilizoambiwa miaka 26 na watu wa kivukoni kwamba njia haitoshi, zikasikia lilipokuja tishio la maradhi yasiyochagua upande wa maji.

Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, lakini kauli ile imebaki, inangoja maradhi yajayo. Siku hizi nikiisikia sibishani sana. Humwacha msemaji amalize kahawa yake na methali yake, kisha ninamuuliza swali moja: siku ile ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, wewe nyumbani kwako kulikuwa upande upi wa maji? Mpaka leo sijapata hata mmoja aliyenijibu kwamba alikuwa akingoja feri.