Pampu Kuukuu si ya Kutupwa

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi waliopata kusafiri katika Land Rover za zamani wanaijua hali hii. Gari lapanda mlima, injini yakohoa mara mbili tatu, kisha yazimika. Dereva afungua boneti, aitazama pampu ya petroli, atikisa kichwa. Punde hutokea mwerevu mmoja akaleta kidumu cha petroli, akakifunga juu ya injini, akachomeka mpira kwenye kabureta, na safari ikaendelea. Watu humsifu. Sisi hatumsifu hata kidogo.

Kidumu hicho ni ajali inayongoja saa yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ukitafuta cheche, na injini ina cheche tele pamoja na bomba la moshi lenye joto kali. Nyuma wameketi askari wenye wake na watoto nyumbani. Maoni yetu ni kwamba anayejua kuifungua pampu na kuijenga upya hana haja ya kidumu, na kwamba ujuzi huo haupaswi kuachwa upotee.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, na zile zilizokuja kuitwa Series ziliendelea kutengenezwa hadi 1985. Zililitumikia jeshi na polisi katika nchi nyingi za Afrika. Leo baadhi hutunzwa kwa kumbukumbu, na nyingine zingali zikichapa kazi mashambani.

Pampu yake ya petroli si fumbo. Injini ikizunguka husukuma mkono wa pampu. Mkono huvuta kiwambo cha mpira, na petroli huingia kupitia vali ya kwanza. Kisha springi hukirudisha kiwambo, na petroli hutoka kupitia vali ya pili kwenda kwenye kabureta. Kabureta ikijaa, kiwambo hutulia na mkono hucheza bure. Kwa hiyo nguvu ya petroli hutokana na springi, wala si mbio za injini. Fundi anayeivuta springi "ili iwe na nguvu" huifurikisha kabureta na kukaribisha moto.

Kiwambo kikipasuka, hasara si kuzimika kwa gari tu. Petroli yaweza kushuka ndani ya oili ya injini, oili ikawa nyepesi, na beringi zikasagika. Hapo kipande cha mpira kimeangamiza injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Fundi anayetaka kuijenga upya hana budi kufuata utaratibu. Afanye kazi mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Kabla ya kufungua skrubu, atie alama kwa tupa kwenye nusu zote mbili, zipate kurudi kama zilivyokuwa. Asafishe kikombe cha kioo, abadilishe kiwambo, vali na gasketi kwa pamoja, na akaze skrubu za mwisho kiwambo kikiwa kimevutwa hadi mwisho wake, kisije kikararuka baadaye. Kisha aijaribu mezani kabla ya kuirudisha garini.

Aangalie pia aina ya mpira. Katika nchi nyingi petroli ya siku hizi huchanganywa na ethanoli. Uingereza ilianza kuuza petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kama petroli ya kawaida mnamo Septemba 2021, na serikali yake ikatahadharisha kwamba huenda isiyafae magari ya kale. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani. Kiwambo kilichokaa stoo miaka thelathini, hata kiwe kingali katika karatasi yake, si kipya.

Wapo watakaosema: kwa nini tusumbuke, pampu mpya zipo madukani? Hatupingi. Pampu iliyopasuka mwili au iliyolika mkono itupwe bila aibu. Lakini pampu nyingi za bei rahisi zimefungwa moja kwa moja, hazifunguliki; zikiharibika porini, hakuna la kufanya ila kurudia kidumu. Ile kuukuu hufunguliwa kwa bisibisi na spana.

Twawaomba wakuu wa karakana wawape vijana nafasi ya kujifunza kwa makanika wazee kabla hawajastaafu wote. Na kwa dereva twasema: siku utakapoletewa kidumu, kikatae, hata kama safari itachelewa. Askari hujifunza kuifungua bunduki yake na kuiunganisha gizani. Hatuoni sababu ya kuiogopa pampu mchana.